Waliopumzika

Haya, tega sikio nikutegee. Nililima tuta moja, refu na jembamba. Sikutia mbegu, mvua haikunyesha, na hakikuota kitu. Lakini niliporudi na kapu langu nilivuna kuliko majirani wote. Tuta gani hilo?

Usiseme kaburi, kaburi halivunwi. Usiseme kipara cha babu yako, maana yuko hapo nyuma anakusikia. Umeshindwa? Mimi sikudai mji wala kijiji, miji ninayo ya kutosha. Jibu chukua bure. Ni ule mstari unaochorwa kwenye fomu ili mtu aandike, naye asiandike neno.

Unacheka? Hata Kipenga asingekubali, siku alipoyaona matuta arobaini na moja ya namna hiyo yamekaa kimya mbele yake. Alidhani nzige wamepita.

Kipenga lilikuwa jina la shingoni, si la cheti. Alifundisha michezo shule ya msingi kwa miaka tisa, na kile kipenga kilining'inia kifuani hata akienda sokoni, mpaka wauza nyanya wakimwona wanajipanga mstari kwa utani. Mwaka wa kumi akakitundika msumarini, akaomba ruhusa kazini, akaenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo. Tena si ile ya kukaa darasani na kunakili ubaoni. Ni ile ya utafiti, ambayo unapewa msimamizi mmoja, meza moja maktaba, na swali moja la kuhangaika nalo miaka miwili kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki.

"Kusimamia michezo?" shangazi yake alimwuliza siku ya kwanza. "Kwani inaanguka?"

"Inaanguka, Shangazi. Nataka kujua inaangukia wapi."

"Haya. Ukiiokota utuletee na sisi."

Shangazi huyo, dada wa baba yake, alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilikuwa na mashine mbili, moja ya kushonea na moja ya kufunga pindo, na vitambaa vimepangwa hadi dirishani. Alishona sare za shule, na jezi na sketi za michezo. Kipenga alikaa chumba cha nyuma, na alasiri akitoka maktaba alikuwa anafumua nyuzi na kupiga pasi kola.

Lakini kabla ya cherehani, Shangazi alikuwa anaitwa Ukuta. Kwa misimu kumi na mmoja alikuwa mlinzi wa goli wa klabu ya mpira wa pete ya mtaa ule. Waliomwona wanasema mpira ukimfikia ulikuwa unaomba radhi na kurudi ulikotoka.

Na klabu hiyo ndiyo Kipenga aliyoichagua kuitafiti. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imesajili wanawake zaidi ya mia, na bado kila msimu ukifika viongozi walizunguka mitaani kutafuta saba wa kuanza mechi. Ni kama pipa lililotoboka: wanamimina, wanamimina, halijai. Kipenga alitaka kuliona tundu kwa macho yake.

Akatunga fomu ya maswali kumi. Umri, nafasi uliyocheza, misimu mingapi, nani alikuleta klabu. Swali la saba ndilo lilikuwa moyo wa fomu, na alilipangia mstari mrefu kuliko yote: *Uliacha kucheza lini, na kwa nini?* La kumi lilikuwa la hiari: kama uko tayari kuongea zaidi, andika namba yako ya simu. Majina hakutaka. Akatoa fomu sitini kwa wanawake ambao hawakuwa tena kwenye timu, na zote sitini zikarudi. Profesa, msimamizi wake, alisema hajapata kuona muujiza kama huo.

Kipenga akazimwaga kitandani, akaanza kusoma. La kwanza hadi la sita, safi. La nane na la tisa, watu wameandika mpaka pembeni mwa karatasi. La saba, kumi na tisa wamejibu. Arobaini na mmoja hawakuandika kitu.

Fomu mojawapo ilikuwa na mwandiko anaoujua, herufi zimeinama mbele kama zinatafuta tundu la sindano. Akaichukua, akaenda chumba cha mbele.

"Shangazi, namba saba hukuiona?"

"Niliiona."

"Mbona umeiruka?"

Shangazi akakanyaga pedeli. Mashine ikanguruma. "Nini? Sikusikii, mwanangu. Mashine hii!"

Kipenga akangoja. Mashine ikatulia.

"Nimeuliza, mbona—"

Ikanguruma tena. Ile sketi siku hiyo ilipata mishono ambayo haikuiomba.

Kesho yake akaenda kwa Profesa na uso umemshuka. Ofisi ya Profesa ilikuwa na viti vitatu, vyote vimekaliwa na karatasi, kwa hiyo wanafunzi wake walijadiliana naye wamesimama, na mijadala haikuwa mirefu. Ujanani alikuwa mpima muda kwenye mbio, na mpaka leo ukianza kusema anaangalia saa yake.

"Nimeharibikiwa," Kipenga alisema. "Naomba nilifute la saba."

"Ukilifuta utabaki na nini?"

"Maswali tisa yaliyojibiwa."

"Yaani utabaki na mambo unayoyajua." Profesa akachukua fomu ya juu, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita ndani yake. "Hapa kwenye mstari unaona nini?"

"Hakuna kitu."

"Unaangalia kama mwalimu anayesahihisha. Angalia kama mtu aliyepotea njia."

Kipenga akasogea. Kwenye mwanzo wa mstari palikuwa na nukta ndogo ya wino. Kalamu ilitua pale, halafu ikaondoka. Akachukua fomu ya pili. Karatasi ilikuwa nyembamba sehemu moja. Mtu aliandika kwa penseli, akafuta mpaka karibu itoboke. Kwenye ya tatu palikuwa na mwanzo wa neno, *nilia*, umekatwa kwa mstari mmoja mkali.

"Hawa hawakuliruka swali lako," Profesa alisema. "Walifika mlangoni, wakakataa kuingia. Kaulize huo mlango una nini. Kwa mdomo, si kwa fomu. Na maneno yako yaache hapa, uende na masikio."

Njiani Kipenga akaona jambo jingine, akasimama katikati ya ngazi za jengo hata wanafunzi wakamgonga mabega. Wote arobaini na mmoja, kila mmoja wao, walikuwa wameandika namba ya simu kwenye swali la kumi. Mtu akikasirika hakupi namba yake. Mtu akikupa namba, kuna kitu anangoja.

Akaanza na muuguzi mmoja wa zahanati, mwanamke mnene wa kucheka, aliyekuwa anafunga bandeji huku anaongea.

"Nimekuja kuhusu wale walioacha mpira wa pete," Kipenga alisema, na hapo hapo akajing'ata ulimi. Maneno ya Profesa yalikuwa yamemtoka kama maji kwenye chujio.

"Nani ameacha?" muuguzi akauliza. "Mimi? Nani kakwambia nimeacha? Mimi nimepumzika."

"Samahani, dada. Umepumzika tangu lini?"

"Tangu nijifungue mwanangu wa kwanza."

"Ana umri gani sasa?"

"Anaoa mwezi ujao."

Mgonjwa mwenye bandeji akacheka mpaka bandeji ikafunguka, ikabidi waanze upya. Lakini muuguzi hakuwa anatania. Raba zake alikuwa nazo bado, chini ya kitanda, zimefungwa kwenye mfuko.

Wa pili alikuwa na duka la nyaya na swichi. Huyu hata kukaribisha hakukaribisha, alizungumza huku anapima waya kwa mkono.

"Kuacha anaacha mlevi, anaacha pombe," alisema. "Na mke huachwa. Mimi sijaacha kitu, na sijaachwa na mtu. Ile fomu yako, mdogo wangu, ilinitukana."

"Sikukusudia, dada."

"Najua. Ndiyo maana sikuichana."

"Sasa ilikuwaje? Niambie kwa maneno yako."

Mwenye duka akaukata waya. "Nilivunjika kidole. Kocha akaniambia, pumzika kidogo, tutakuita. Basi. Nikapumzika."

Wa tatu alikuwa mwalimu wa udereva. Walizungumza ndani ya gari la mafunzo, mwanafunzi wake ameshika usukani kama mtu anayemkaba mbuzi, na kati ya "punguza mwendo" na "kioo, angalia kioo" mwalimu akasema yale yale: alihamishiwa kazi ya mbali, akarudi baada ya mwaka, akaambiwa timu imejaa, pumzika, tutakuita. "Na mimi nina simu ile ile mpaka leo," alisema. "Namba sijabadilisha. Breki! Nimesema breki!"

Kwa siku tisa Kipenga alizunguka hivyo. Kila akibisha hodi alikuwa kama mtoto anayefungua redio aone kuna nini ndani. Na kila mlango maneno yalikuwa yale yale. *Nimepumzika. Waliniambia wataniita.* Kumbe wale arobaini na mmoja hawakulikwepa swali. Waliona ni swali la mtu mwingine.

Sasa, kama wenyewe hawakuacha, nani aliwaachisha? Ilibidi amwendee Katibu.

Katibu wa klabu alikuwa karani mstaafu, shati limepigwa pasi hata mikunjo inakata, na alikuwa na daftari la wanachama analolibeba kama mtoto mchanga. Akalifungua mezani kwa fahari. Majina mia na zaidi, na mengi yamepigwa mstari mwekundu ulionyooka, na pembeni neno moja kwa herufi kubwa: AMEACHA.

"Mistari natumia rula," alisema. "Mkono unadanganya."

"Na hili neno, Katibu, walikwambia wenyewe kwamba wameacha?"

"Asiyekuja mazoezi mara nne mfululizo, ameacha. Ndiyo kanuni."

"Kanuni iliandikwa na nani?"

"Na mimi." Akakohoa kidogo. "Asiyekuwapo na lake halipo, dada yangu. Wahenga hao, si mimi."

"Sawa. Lakini waliambiwa wapumzike, wataitwa. Nani alikuwa na kazi ya kuwaita?"

"Kocha."

"Nimetoka kwa Kocha. Anasema ni Katibu."

Katibu akaligeuza daftari upande huu na upande ule. Kipenga karibu acheke: klabu ile ilikuwa inajua kupasiana mpira kuliko timu yake.

Ndipo akakaa maktaba akaandika sura yake kwa furaha, kalamu inakimbia. Aliandika kwamba tundu la pipa amelipata. Klabu hii, alisema, haikuwa inapoteza wachezaji; ilikuwa inawasahau. Neno moja lilikuwa kwenye daftari, neno jingine kwenye vinywa, na kati ya hayo mawili wanawake arobaini na mmoja wamekaa wanangoja. Akaipeleka mbele ya jopo.

Jopo lilikuwa watu watatu, na mmoja wao alikuwa mama wa takwimu, mpole wa sauti, mwenye miwani inayoteleza puani. Alisoma sura yote. Akaisifu. Halafu akauliza swali moja.

"Hawa wanaosema wanapumzika, wakiitwa watakuja?"

Kipenga akaanza kupekua kurasa zake.

"Kwa sababu," mama akaendelea taratibu, "mtu anaweza kusema 'nimepumzika' kwa kuwa neno 'nimeacha' linauma. Anajiliwaza. Kama ni hivyo, hujapata tundu la pipa, umepata maneno matamu. Wewe unadai walikuwa wanangoja. Tuonyeshe."

Wakampa wiki tatu. Akirudi na jibu, utafiti unaendelea. Asiporudi nalo, atahamishiwa kwenye kozi ya darasani pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na lile swali lake litafungwa kabatini. Hayo walimwambia kwa upole, na upole wa jopo ni kama sindano ya daktari mwenye mkono laini. Inaingia vile vile.

Profesa akaangalia saa yake. "Umesikia," alisema. "Huna la kufikiri. Waite."

Kipenga akarudi kwa Katibu na orodha ya namba, pamoja na majina aliyoyapata mlango kwa mlango. Kuita si kazi yake yeye. Yeye ni mgeni tu mwenye daftari. Lazima iite klabu.

"Niwaambie nini?" Katibu alilalamika. "Samahani, tumechelewa miaka kumi na mbili?"

"Mwambie kila mmoja jina lake, na nafasi aliyocheza. Halafu sema: klabu inakuita, Jumamosi saa kumi alasiri. Ukimaliza, nyamaza, msikilize."

"Watanitukana."

"Ukitukanwa, niandikie tusi. Hata hilo ni jibu."

Wiki nzima Katibu alipiga simu kutoka meza yake ya jikoni, shati limepigwa pasi kana kwamba wanamwona. Na wiki hiyo hiyo Shangazi alishona vifulana saba vya kuvaa juu ya jezi, kila kimoja na herufi za nafasi ya mchezaji, kwa kuwa Kocha alimletea kazi. Alivishona kama kazi nyingine yoyote. Herufi za mlinzi wa goli zilinyooka kama zingine, wala hazikuzidi, wala hazikupungua.

Jumamosi Kipenga alifika uwanjani mapema, akakaa kwenye ukingo wa saruji na daftari lake. Saa kumi kasoro robo, hakuna mtu. Saa kumi kasoro tano, mbwa mmoja. Akaanza kujiona kwenye darasa la mwaka wa kwanza, kiti cha nyuma.

Saa kumi kamili muuguzi akatokea kwenye kona, raba mkononi. Soli moja ilikuwa imebanduka, ameifunga kwa bandeji. Nyuma yake wawili, halafu watano kwa pamoja wanacheka kwa sauti, halafu mwenye duka la nyaya, uso umekunjwa kama kawaida lakini miguu inakimbia. Walifika ishirini na wawili. Walipokuwa wanapasha mwili moto, magoti yalilia kuliko mashine za Shangazi. Mwalimu wa udereva alikamata katikati ya uwanja, na kila adui akipata mpira alipiga kelele "Taa nyekundu! Taa nyekundu!" mpaka mwamuzi akamwonya. Mwisho wa mechi hakuna aliyejua magoli ni mangapi. Waliuliza mazoezi ni siku gani.

Shangazi hakuja.

Jumapili asubuhi Kipenga na Katibu walikaa kwenye meza ile ya jikoni, wakapitia orodha. Kipenga alipaswa kuwa na furaha, lakini mama wa takwimu alikuwa amekaa kichwani mwake, miwani inateleza. *Ishirini na wawili wamekuja. Na wengine?* Pembeni mwa majina kumi na manane Katibu alikuwa ameandika neno moja: *haji*. Kesho yake Jumatatu jopo linakutana, na hao kumi na wanane wangetosha kuuzima utafiti wote. Si walikuwa wanajiliwaza tu?

"Hawa walikujibu vibaya?" akauliza.

"Wapi! Hilo ndilo linalonishangaza." Katibu akavua miwani. "Waliokubali walisema 'nakuja', wakakata simu. Waliokataa ndio hawakutaka kukata. Huyu hapa alinishukuru mara nne. Huyu alilia kidogo, akaniuliza habari za mke wangu, halafu akasema haji. Mtu anakataa, na anashukuru! Umewahi kuona?"

Kipenga hakuwahi. Akaziangalia zile *haji* kumi na nane, na ile hali yake ya kutaka kujua ikaanza kumkuna kama upele. Mtu anashukuru nini, kama kitu chenyewe hakitaki? Akahesabu orodha tena, kwa kidole.

"Katibu, hapa kuna namba arobaini."

"Ndizo ulizonipa."

"Walikuwa arobaini na mmoja."

Akakumbuka. Namba moja aliiondoa mwenyewe. *Huyu naishi naye, nitamwambia.* Na kweli alimwambia: Jumanne, pasi mkononi, anapita mlangoni. "Shangazi, Jumamosi utakuja uwanjani, eh?" Mashine ikanguruma, naye akaendelea na kola zake.

"Ni Ukuta," akasema. "Hukumpigia Ukuta."

Katibu akavaa miwani yake tena. "Yule alikwenda kumwuguza mama yake," akasema. "Miezi miwili. Aliporudi nafasi ilikuwa na mtu. Nilikuwepo. Kocha akamwambia..."

"Akamwambia nini?"

"Si unajua." Akaanza kuikunja kola yake. "Lakini yuko nyumbani kwako! Si ulimwambia?"

"Nilimwambia. Sikumwita."

"Si ni yale yale?"

"Mbona hao arobaini hukuwatumia salamu kwa mtu?" Kipenga akauliza. "Anayeambiwa ni anayepita njia. Anayeitwa anaitwa kwa jina lake. Mpigie, Katibu. Leo saa kumi, akiwa amekaa. Usimwambie kwamba nimekutuma."

Saa kumi alasiri Kipenga alikuwa chumba cha mbele, anafumua pindo la sketi ambalo halikuwa na kosa lolote. Shangazi alikuwa anakata kitambaa. Simu ikalia chini ya rundo la vitambaa, na akaitafuta kwa mkono mmoja, mkasi kwenye mkono wa pili.

"Haloo... Ndiye mimi... Nani?" Akauweka mkasi mezani. "Katibu! Bado unapumua?... Mimi mzima, tunamshukuru Mungu... Ndiyo. Ndiyo, Ukuta. Mlinzi wa goli. Misimu kumi na mmoja, si kumi, andika vizuri."

Halafu akawa anasikiliza. Kipenga aliinamia sketi, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya sungura.

"Rudia," Shangazi akasema. "La, nimesikia. Wewe rudia tu."

Katibu akarudia. Shangazi alikuwa amefumba macho, na mkono wake usio na simu ulikuwa unanyoosha kitambaa mezani, unanyoosha pale pale, ingawa hakikuwa na mkunjo.

"Mazoezi siku gani?... Jumanne na Alhamisi. Kama zamani... Eh. Eh... Nani anacheza nafasi yangu sasa?... Mrefu? Vizuri. Mwambie asiruke mapema, amwache mfungaji aanze kwanza. Wote wanakosea hapo." Akacheka kidogo, cheko la puani. "Hapana, Katibu. Siji... Wala sina kinyongo na mtu. Goti hata nisingelisingizia, goti ni zima... Hapana. Nakushukuru. Nakushukuru sana, umenifanyia jambo. Msalimie mama watoto. Haya. Haya, ndugu yangu."

Akaiweka simu. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Ni wewe uliyemtuma," alisema bila kugeuka.

"Ni mimi, Shangazi. Nisamehe. Nilipaswa kumtuma wa kwanza kabisa."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Shangazi akasema, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayeumwa tumbo. Ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani kwa muda mrefu mno, akaitua, na sasa anaigeuza shingo huku na huku kuona kama bado inazunguka. "Ile fomu yangu unayo?"

Kipenga akakimbia chumba cha nyuma, akarudi nayo. Shangazi akaisukuma kwake.

"Andika wewe. Mimi nina kitambaa cha kukata. Lakini niulize kama ulivyoandika, usipindishe."

Kipenga akatafuta kalamu, akaipata, ikagoma, akaipiga kwenye kiganja mpaka ikatoa wino. Akasoma kwa sauti, pamoja na lile neno lake alilolikimbia wiki hizi zote.

"Uliacha kucheza lini?"

"Leo," Shangazi akasema. "Saa kumi na robo. Hiyo robo usiisahau."

Kipenga akaandika, pamoja na robo yake. "Na kwa nini?"

Shangazi akaushika mkasi, akautazama, akaurudisha mezani.

"Kwa sababu wameniita," alisema, "na nilipoitwa ndipo nikajua sitaki tena. Miaka kumi na tisa nilikuwa nangoja, sijui."